Kabla hujaandika majina sita ubaoni: kwa walimu wapya wa saikolojia

Muhula huu nimekaa nyuma ya madarasa mengi ya walimu wapya, daftari mkononi, nikiwaangalia mkifundisha mada ileile: mitazamo mikuu ya saikolojia kwa wanafunzi wa sekondari. Kuna vipindi nilivyotoka na furaha, kuna nilivyotoka na hasira, na kuna nilivyotoka na vyote viwili. Furaha, kwa sababu mnawapenda wanafunzi na mmeisoma kazi yenu. Hasira, kwa sababu makosa ninayoyaona ni yaleyale ya miaka yote, mwalimu anampokeza mwenzake bila mtu kuyahoji. Andalio la somo mnalijua, azimio la kazi mnalo, kwa hiyo sitawafundisha kuandika malengo mahususi. Nasema ya darasani.

1. Futa lile jedwali

Mnajua ninalolisema. Safu ya kwanza jina la mtazamo, ya pili mwasisi, ya tatu mwaka, ya nne dhana kuu. Kisaikodinamiki, Freud. Kitabia, Watson, 1913. Kiutu, Maslow na Rogers. Wanafunzi wananakili, mwalimu anafuta, kengele inalia. Kesho yake muulize mwanafunzi hodari kuliko wote: mtu wa mtazamo wa kitabia akimwona mtoto anayelia kila asubuhi anapopelekwa shule, atauliza nini kwanza? Atakujibu, "Watson, 1913."

Jedwali lina mahali pake, napo ni mwisho wa mada, tena walijaze wanafunzi wenyewe. Mada ianze na tabia moja ya mtu mmoja. Mimi huanza na mwanafunzi wa kubuni ambaye jioni anajua kila kitu, lakini akiketi kwenye chumba cha mtihani kichwa kinakuwa cheupe. Hakuna kijana asiyemjua mtu huyo. Naiandika sentensi hiyo ubaoni, sitaji mtazamo wowote, nauliza tu: kwa nini? Kisha nanyamaza. Walimu wapya, hapa ndipo mnaposhindwa. Mnauliza, mnahesabu mpaka mbili, mnajijibu wenyewe. Vumilieni ukimya. Wanafikiri.

Wataanza. Mmoja atasema moyo unamwenda mbio, mikono inatoka jasho, ubongo unagoma. Mwingine atasema alishawahi kufeli vibaya, sasa akiiona karatasi tu anatetemeka. Wa tatu: "Anajiambia nitafeli, nitafeli, mpaka hana nafasi ya kufikiria swali." Wa nne, aghalabu kwa sauti ya chini, atasema nyumbani wanamsifu akipata alama za juu tu. Wa tano atasema ukoo mzima umeweka matumaini kwake. Mara chache hujitokeza wa sita anayesema labda kuna jambo la utotoni ambalo hata mwenyewe halikumbuki.

Sasa angalia ubao. Wa kwanza amezungumza kibiolojia: homoni za adrenalini na kotisoli, mwili unaojiandaa kukimbia au kupigana wakati hakuna wa kumkimbia. Wa pili amezungumza kitabia, maana chumba cha mtihani kimefungamana na maumivu ya zamani. Wa tatu ni kiutambuzi mtupu: wasiwasi umechukua nafasi ya kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile inayoshikilia mambo akilini kwa muda mfupi tunapofikiri. Wa nne amemgusa Carl Rogers bila kumjua, kwani Rogers ndiye aliyeeleza kinachompata mtu anayethaminiwa kwa masharti. Wa tano yuko kwenye mtazamo wa kijamii na kitamaduni, na wa sita kwenye wa kisaikodinamiki. Kazi yako iliyobaki ni kuyapa majina mawazo waliyoyatoa wao, na mwanafunzi hulikumbuka jina la wazo alilolitoa mwenyewe.

2. Mwanafunzi ajue kila mtazamo unaomba ushahidi gani

Karibu kila mwalimu mpya huja na mfano wa miwani: hii ni miwani ya kibiolojia, ukiivua ukavaa ya kiutambuzi unaona kingine. Ni mfano mzuri kwa dakika tano za kwanza. Baada ya hapo unadhuru, kwa sababu miwani haiwezi kukosea. Mwanafunzi anatoka akiamini kwamba mitazamo yote ni sawa, hakuna unaoweza kukanushwa, kila mtu achague unaompendeza. Hapo hujafundisha sayansi.

Wapeni mwanasaikolojia Harry Harlow. Mwaka 1958 alichapisha matokeo ya majaribio yake na vitoto vya kima aina ya rhesus katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Vitoto vilitenganishwa na mama zao, vikapewa "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya mtupu, mwingine aliyefunikwa kitambaa laini. Kwa baadhi ya vitoto chupa ya maziwa iliwekwa kwa mama wa waya. Kabla hujasema matokeo, simamisha somo. Waulize: mtu wa mtazamo wa kitabia anatabiri nini? Chakula ni kiimarishi, yaani kitu kinachofanya tabia irudiwe, kwa hiyo kitoto kitampenda anayekilisha. Na wa upande wa Freud? Naye pia aliuanzisha upendo wa mtoto kwa mama kwenye kunyonya. Mahasimu wawili, utabiri mmoja. Waandike dau lao daftarini.

Kisha waambie. Vitoto vilimwendea mama wa waya kunyonya tu, halafu vikarudi kumkumbatia wa kitambaa na kukaa naye sehemu kubwa ya siku. Vilipotishwa, vilimkimbilia yeye. Utabiri wa pande zote mbili ulianguka. Nimeona madarasa yakipiga kelele hapa, na nawaombeni msiizime kelele hiyo, maana ndiyo mara ya kwanza kwa wengi wao kuona nadharia kubwa ikishindwa na ushahidi. Usimalize bila kuwaeleza gharama: baadhi ya wanyama hao waliharibika kitabia wakaishi na mateso hayo, na kazi ya Harlow ni mojawapo ya sababu maadili ya utafiti kwa wanyama yanajadiliwa kwa uzito leo.

Kuanzia siku hiyo weka swali moja la kudumu darasani: "Ni kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea?" Mtazamo wa kibiolojia utaomba vipimo vya ubongo, homoni, ulinganisho wa mapacha. Wa kitabia utaomba kumbukumbu za tabia inayoonekana: nini kilitangulia, nini kilifuata. Wa kiutambuzi utaomba majaribio ya kumbukumbu, makosa, muda wa kujibu. Wa kiutu utamsikiliza mhusika mwenyewe. Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo kwa mitazamo miwili anajua zaidi ya anayetaja sita.

3. Fundisha historia kwa namna watu walivyojibizana

Wundt akafungua maabara ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, akina Watson wakaja, Maslow akafuata, mwisho. Nimesikia hivyo mara nyingi na kila mara naona macho ya wanafunzi yakihamia dirishani. Ukweli wenyewe unavutia kuliko hapo, kwa sababu watu hawa walikuwa wanapingana. Maabara za mwanzo ziliwategemea watu waliofunzwa kueleza yanayotukia akilini mwao. Mwaka 1913 John Watson akasema hapana: kama hatuwezi kukiona wote wawili, tusikiite sayansi, tuchunguze tabia. Miaka iliyofuata tabia ikatawala vyuo vingi vya Marekani.

Kisha panya wakaanza kuleta shida. Mwaka 1930 watafiti Tolman na Honzik waliwaacha panya wazunguke kwenye njia za mzingile siku kumi bila kupewa chakula mwishoni. Walionekana hawajajifunza lolote. Siku ya 11 chakula kikawekwa, na mara wakaanza kwenda moja kwa moja, sawa na panya waliokuwa wakilishwa tangu siku ya kwanza. Kumbe walikuwa wamejifunza kimyakimya. Wapi? Kichwani, mahali ambapo Watson hakutaka tuchungulie. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller akaandika juu ya kikomo cha kumbukumbu ya muda mfupi, vitu saba kuongeza au kupunguza viwili. Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky akaishambulia hoja ya Skinner, mtu wa mtazamo wa kitabia, kwamba lugha hujengwa kwa kuimarishwa tu. Hivyo ndivyo utambuzi ulivyorudi mezani.

Nao watu wa mtazamo wa kiutu waliona kambi zote mbili kubwa za wakati wao, ya Freud na ya tabia, zimemfanya binadamu kuwa mtu wa kusukumwa tu, ama na yaliyofichika ndani yake ama na mazingira, wakauliza uhuru wake wa kuchagua umekwenda wapi. Mgawe darasa makundi mawili yajibizane. Hakuna haja ya slaidi.

4. Usimchambue mwanafunzi aliye hai

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu juma lililopita nimemwona mwalimu kijana, mwenye moyo mzuri kabisa, akisema kwa furaha, "Nani ana tabia yake mwenyewe anayotaka tuichambue?" Nilimkatiza mbele ya darasa lake. Nilimwomba radhi baadaye kwa kumkatiza, lakini ningefanya hivyo tena, na anastahili kujua sababu. Nanyi pia.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nililiuliza swali hilohilo. Kijana mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mchangamfu, mwepesi kujibu, yule ambaye mwalimu mgeni humtegemea somo linapopoa. Akasema hawezi kulala taa ikiwa imezimwa. Darasa likacheka, naye akacheka. Nikafurahi, nikajiona nimepata mfano hai. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAWEZI KULALA TAA IKIZIMWA. Nikagawa makundi, kila kundi na mtazamo wake, nikawapa dakika kumi.

Kundi la kibiolojia likaeleza hofu na amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Kundi la tabia likasema labda kuna jambo baya lililotokea gizani, na kila anapowasha taa anapata nafuu, basi nafuu hiyo inaiimarisha tabia. Lilikuwa jibu zuri, nikalisifu. Kundi la utambuzi likasema anayakuza mambo kichwani. Kisha likasimama kundi la kisaikodinamiki, na msichana mmoja makini, aliyekuwa amesoma sura yote, akamgeukia na kumuuliza: "Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala na nani?"

Yule kijana hakujibu. Alinitazama mimi. Nakumbuka nilivyofanya, na ndilo linaloniuma mpaka leo: nilisubiri jibu lake. Nilisimama na chaki mkononi nikimsubiri, kwa sababu lilikuwa swali sahihi la mtazamo ule na nilikuwa najivunia mwanafunzi aliyeliuliza. Alikuwa ananiomba nimtoe pale, nami nikawa namhimiza kwa kichwa aendelee. Mwishowe akasema, "Sikumbuki." Mtu wa nyuma akasema, "Huo ndio ukandamizaji wa kumbukumbu, mwalimu!" Darasa zima likapiga makofi. Na mimi nikasema vizuri sana.

Walimwita Taa mpaka mwaka ukaisha. Uwanjani, kwenye foleni ya chakula, bwenini. Taa, leo umelalaje? Mkono wake sikuuona tena hewani katika kipindi changu. Nilikwenda kumwomba radhi, akasema hakuna tatizo, mwalimu, kwa heshima ambayo sikuistahili, na hakuniambia lolote zaidi. Sijui nini kilikuwa nyuma ya taa ile. Haikuwa haki yangu kujua, wala ya darasa.

Nimelirudia tukio hilo akilini nikitafuta mahali lilipoharibika, na naona makosa mawili. La kwanza ni la utu: kijana wa umri ule hawezi kutoa ridhaa ya kweli mbele ya wenzake, kwa sababu hajui anachokubali mpaka kiwe kimeshasemwa. Hata akicheka. La pili ni la kitaaluma, na linaelekea kusahaulika kwa sababu la kwanza linauma zaidi. Makundi yote yalitoa maelezo yaliyosikika kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na ushahidi. Nilikuwa nimewafundisha kwamba ukijua istilahi unamjua mtu. Maelezo ya tabia ya mtu yasiyo na ushahidi ni umbea, hata yakipambwa kwa maneno ya Vienna, mji wa Freud.

Kwa hiyo: wahusika wawe wa kubuni, waandikwe kabla ya kipindi, wapewe umri na mazingira na tabia moja iliyo wazi. Mwanafunzi akianza na "Mwalimu, mimi mwenyewe huwa...", mshukuru, umwambie "tumtumie mtu wa kwenye karatasi," umfuate baada ya kipindi kuona kama alihitaji kusikilizwa. Na jueni mapema, kabla mada haijaanza, ni mshauri nasaha yupi mtamwelekeza mwanafunzi kwake, kwa sababu mada hii huwafungua. Kila mara kuna atakayebaki nyuma wenzake wakitoka, akajifanya anafunga begi, kisha akauliza, "Mwalimu, mtu akiwa hivi na hivi, ana nini?" Usimpe jina la ugonjwa. Huna sifa hiyo, hata kama una shahada. Kaa chini, msikilize, msindikize mwenyewe kwa mshauri siku hiyohiyo.

5. Freud kipindi kimoja, kisha songa mbele

Wanafunzi wanampenda kwa sababu ana ndoto na siri. Nanyi mnampenda kwa sababu anawaamsha wanafunzi. Matokeo yake, majuma mawili yanakwisha kwa Freud na mtazamo wa utambuzi unapewa nusu saa. Wekeni mizani. Semeni kwa haki alichokiacha: kwamba mengi akilini hutendeka bila sisi kuyafahamu, kwamba utoto una uzito, kwamba kuzungumza na mtu aliyefunzwa kunaweza kuponya. Semeni pia kwa haki yasiyosimama: hatua zake za ukuaji hazikupata ushahidi wa kuzitegemeza, alijenga mengi juu ya wagonjwa wachache, na nadharia inayoweza kueleza kila tokeo na kinyume chake haiwezi kujaribiwa. Msimcheke, na msiruhusu acheke mwanafunzi ambaye hajamwelewa. Ndoto za wanafunzi zisitafsiriwe darasani. Rejeeni namba 4.

6. Ya haraka haraka

Uimarishaji hasi si adhabu. Ukiwasha gari likalia mpaka ufunge mkanda, kelele ikiisha umeimarishwa kufunga mkanda. Adhabu ingepunguza tabia, hii imeiongeza. Rudieni mpaka mchoke, maana mtihani unawakamata hapa kila mwaka.

Pavlov, aliyeonyesha kwamba mbwa hujifunza kutoa mate kwa kusikia tu ishara ya chakula, alipata Nobeli mwaka 1904 kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula, na mbwa wake walisikia vingi zaidi ya kengele, kikiwamo kipima mapigo cha wanamuziki.

Mkimfundisha mtoto Albert, aliyetiwa hofu ya panya mweupe na Watson na Rayner mwaka 1920, msiondoke bila kumtaja Peter, ambaye mwaka 1924 Mary Cover Jones alimwondolea hofu ya sungura hatua kwa hatua, akila chakula anachokipenda huku sungura akisogezwa. Mwanafunzi aone kwamba elimu iliyotumika kumtia mtoto hofu ndiyo iliyotumika kumponya mwingine.

Makala ya Maslow ya mwaka 1943 kuhusu mahitaji ya binadamu haina ile piramidi ya mahitaji. Waliichora wengine baadaye, na kwa sababu ya mchoro huo wanafunzi wanaamini mtu mwenye njaa hawezi kupenda wala kutunga shairi. Maslow mwenyewe alisema mpangilio wa mahitaji si mgumu namna hiyo.

Phineas Gage, aliyetobolewa fuvu na chuma mwaka 1848, hakumaliza maisha yake kama kichaa. Alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi inayohitaji kupanga na kuelewana na watu. Vitabu vingi vinaishia kwenye matusi aliyosemekana kuyatoa baada ya ajali.

Picha ya ubongo yenye rangi huwashawishi wanafunzi kuliko hoja. Wakumbusheni kwamba kuona sehemu ya ubongo ikifanya kazi mtu akiogopa hakutuelezi kwa nini anaogopa hiki na si kile. Mwaka 1977 daktari George Engel alipendekeza kuuangalia ugonjwa kwa pande tatu pamoja, mwili, akili na jamii, na mpaka leo ni njia nzuri ya kuwaonyesha wanafunzi kwamba mitazamo inaweza kufanya kazi pamoja.

Na mtazamo wa mageuzi, unaoeleza tabia kwa yale yaliyowasaidia mababu kuishi na kuzaana: kila mwanafunzi akitunga kisa cha mababu wa kale pangoni, muulize swali la namba 2.

7. Wacha wakamatwe na kumbukumbu zao

Kama una kipindi kimoja tu cha mtazamo wa kiutambuzi, kitumie hivi. Tafuta video fupi ya magari mawili yakigongana, isiyo na damu wala vioo vilivyovunjika. Waonyeshe mara moja. Gawa karatasi za aina mbili zinazofanana kwa macho, bila kusema kwamba zinatofautiana. Nusu wanaulizwa: magari yalikuwa na kasi gani yalipobamizana? Nusu nyingine: yalikuwa na kasi gani yalipogusana? Kusanya, mwombe mwanafunzi akusaidie kupiga wastani wa kila rundo, na uandike namba mbili ubaoni.

Elizabeth Loftus na John Palmer walifanya hivyo mwaka 1974 kwa wanafunzi 45. Waliosomewa kitenzi kikali kuliko vyote walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa, na waliosomewa kile cha kugusana maili 31.8. Filamu ni zilezile. Katika jaribio lao la pili, baada ya juma moja, waliuliza kama watu waliona kioo kilichovunjika. Hakikuwapo. Kati ya 50 waliopewa neno kali, 16 walisema ndiyo. Kati ya 50 waliopewa neno la kawaida, saba. Kati ya 50 ambao hawakuulizwa kasi, sita.

Namba za darasa lako huenda zisikae sawasawa. Darasa ni dogo, kuna waliochungulia karatasi ya jirani, kuna mmoja aliyeandika 300. Msifiche. Walimu wengine huficha, au hurekebisha wastani kidogo ili somo lipendeze, na nimewaona. Ni kosa kubwa, kwa sababu namba zilizogoma zinakupa somo zuri zaidi: kwa nini tunahitaji watu wengi, kwa nini tunawagawa kwa bahati nasibu, kwa nini tunarudia. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza baada ya zoezi hilo, "Basi mashahidi mahakamani wanaulizwaje?" Tuliacha andalio la somo, tukazungumza hilo mpaka kengele.

8. Waulize: nani alichunguzwa?

Mtazamo wa kijamii na kitamaduni huwa unawekwa mwishoni, unafundishwa mwalimu akiwa amechoka, na unaishia kwenye sentensi "utamaduni huathiri tabia." Usifanye hivyo. Anza na Solomon Asch, aliyechapisha mwaka 1951: mistari ambayo hata mtoto angeona ipi inalingana, na mtu mmoja aliyeketishwa na wengine waliopangwa watoe jibu la uongo. Takriban robo tatu ya waliochunguzwa walikubaliana na uongo huo angalau mara moja. Wanafunzi watasema kwa pamoja "mimi nisingekubali," na wewe waonyeshe walivyosema kwa pamoja.

Kisha geuza swali kwa saikolojia yenyewe. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliwakumbusha watafiti kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa katika majarida makubwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia, na wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo. Hapo rudi nyuma kupitia mada yote: wagonjwa wa Freud ni akina nani? Wa Loftus? Wa Asch? Waache wahesabu. Nimeona wanafunzi waliokaa kimya muhula mzima wakiinuka hapa, kwa sababu ghafla wamegundua kuna pengo katika sayansi hii linalowasubiri wao.

9. Swali la mtihani ndilo somo lenyewe

Mnaweza kuyafuata yote hayo, kisha mkaandika "Taja na ueleze mitazamo mitano ya saikolojia (alama 20)," na wanafunzi watarudi kwenye jedwali usiku wa kuamkia mtihani. Wana haki. Wanasoma kile mnachokipa alama.

Andikeni hivi: "Msichana wa miaka 15, wa kubuni, ameacha kuzungumza darasani tangu ahamie shule mpya. Eleza tabia hiyo kwa mitazamo miwili. Kwa kila mmoja, taja habari moja ambayo ungeitafuta, na matokeo moja ambayo yangekufanya uachane na maelezo yako." Mgawanyo wangu wa alama ni huu: maelezo sahihi ya kila mtazamo alama tatu, habari ya kutafuta alama tatu, matokeo ya kukanusha alama nne. Jumla 20. Jina la mwasisi silipi alama, mwaka siupi. Atakayeandika "mtazamo wa tabia: ningeangalia kinachotokea anapojibu swali, kama wenzake wanamcheka, kama hawamcheki na mwalimu anamsifu lakini bado hasemi, maelezo yangu hayatoshi," mpe alama zote za upande huo hata kama amesahau Skinner ni nani.

Usahihishaji wake ni mrefu, sitawadanganya. Darasa likiwa kubwa, wape swali moja tu la namna hiyo kwa mtihani, na katika mazoezi ya kila juma wabadilishane madaftari wasahihishane kwa mwongozo huohuo, wewe ukipitia madaftari machache kila mara mpaka uwafikie wote.